Ampli Mpya: Tusinunue Namba



Siku ya posho inayokuja, nyuma ya chakula cha mangaribi, komite ya wanafunzi itakata shauri juu ya ampli mpya ya chumba cha chakula. Feza iko: dola 120. Tulizichanga tangu mwezi wa kumi, wamoja kwa kutoa falanga zao, wengine kwa kuuza mandazi, na wale wa interna kwa kulima mashamba ya watu wakati wa likizo. Ni feza ya jasho. Ndiyo maana nimeomba ukurasa huu mbele ya kura. Kapita wa wanafunzi hana kura mbili, lakini ana kinywa, na nitasema wazi yale ninayofikiri.

Tuko na mashauri mawili. La kwanza ni ampli mpya ya sokoni, ingali ndani ya karto yake. Iko na taa za bluu na nyekundu, iko na tundu la kutia flashi, na juu ya karto wameandika kwa herufi kubwa: 2000 W. La pili ni ampli iliyotumika, iko kwa fundi wa radio. Ni nyeusi, haina taa, na upande mmoja iko na mkwaruzo. Nyuma yake imeandikwa 2 x 60 W, omu 8. Bei yao karibu ni moja. Kwenye barza nasikia watu wanacheka: "Elfu mbili na sitini! Nani mwenye akili atachagua sitini?"

Mimi.

Kwanza tusikilizane juu ya neno moja: ampli yenye nguvu zaidi tunaihitaji kweli. Wale wanaosema kwamba ile ya sasa inatosha, hawaketi kwenye meza za nyuma. Ampli yetu ni ya 2 x 10 W. Kwa chumba cha nyumbani, baba na mama na watoto watano, inatosha na kubaki. Kwa watu mia na zaidi wenye sahani na vijiko, haitoshi. Siku ya posho tukisikiliza muziki, ao siku za juma tukisikiliza masomo ya Kifaransa yaliyopigwa ndani ya flashi, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanasikia kelele tu, hawashiki maneno. Mwalimu anasema "sikilizeni vizuri", lakini watasikiliza kitu gani?

Basi anayesimamia ampli anafanya nini? Anazungusha kifungo cha volume mpaka mwisho. Hapo ndipo shida inaanza, na ni hapo nataka mfuate vizuri, kwa maana wengi wanafikiri twita ya bafle ya kushoto ilikufa mwezi wa pili kwa sababu bafle ni nzee. Haikufa kwa uzee.

Ampli ikifika mwisho wa nguvu yake, haisemi "nimechoka". Inakata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililokuwa na mgongo wa duara linakuwa kama sanduku. Wanafunzi wa Math-Physique wanaweza kupiga hesabu wenyewe: wimbi la sanduku lenye kimo kilekile linabeba nguvu mara mbili ya wimbi la duara. Tena zile pembe za sanduku ni sauti nyembamba, na ndani ya bafle sauti nyembamba zote zinatumwa kwa twita, ambayo waya wake ni mwembamba sana. Waya unapata moto, gundi inayeyuka, kwisha. Kwa hiyo ampli ndogo inayolazimishwa kupiga kelele inaweza kuua bafle yenye kuandikwa 100 W. Watu hawapendi kuamini neno hili, lakini kila fundi wa radio amekwisha kuletewa bafle za namna hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu ya sauti, kwa maana wati si sauti. Nyuma ya bafle zetu, zile alizotuachia mwalimu mmoja wa zamani alipohama, kuna karatasi ndogo. Imeandikwa: omu 8, desibeli 88, wati 100. Wengi wanasoma ile 100 tu. Mimi naona 88 ndiyo namba kubwa ya karatasi ile. Maana yake: ukitia wati 1 ndani ya bafle, na ukisimama mbele yake kwa metre 1, utapata sauti ya desibeli 88. Wati 1 tu! Na desibeli 88 si sauti ndogo; mtu akitaka kuongea nawe hapo sherti apaze sauti.

Lakini angalieni namna inavyopanda. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu juu yake. Ukiongeza wati mara kumi, unapata desibeli 10, na masikio ya mtu yanasikia kwamba sauti imekuwa karibu mara mbili. Mara kumi ya wati kwa mara mbili ya sauti! Basi ampli yetu ya wati 10 inatoa desibeli 98 mbele ya kila bafle. Ampli ya wati 60 itatoa karibu desibeli 106. Ni tofauti ya desibeli 8 hivi: si mara sita ya sauti, lakini inasikilika vizuri, inakaribia mara mbili. Tukichukua ya wati 100 tungepata desibeli 108, ni 2 tu zaidi ya ile ya fundi. Mtu wa meza ya nyuma hataona tofauti kubwa.

Na kama ile 2000 ingekuwa kweli? Wati 1000 kwa kila bafle. Bafle zetu zingekufa mbele ya wimbo wa kwanza kumalizika, kwa kuwa bafle ya nyumbani ya namna hii haigeuzi hata wati 1 kwa 100 kuwa sauti. Zote zinazobaki zinakuwa moto ndani ya waya. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza mwaka 1925 namna ya kutengeneza bafle ya waya unaotikisika ndani ya sumaku. Miaka mia imekwisha kupita, na bafle za nyumbani zingali zinapoteza karibu nguvu yote kwa joto.

Lakini msiogope, 2000 si kweli.

Nilienda sokoni pamoja na katibu wa komite. Tuliomba kuona kisanduku cha umeme kinachouzwa pamoja na ile ampli. Juu yake imeandikwa: volti 12, ampere 5. Kuzidisha 12 kwa 5 ni 60. Basi chombo kinakula wati 60, halafu kinatoa 2000? Hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba huwezi kumimina madumu kumi kutoka dumu moja.

Kuna baya kupita hilo. Ampli inayokula volti 12, isipokuwa ndani yake muna chombo cha kuongeza volti, haiwezi kupeleka kwa bafle zaidi ya volti 12 kwenye kichwa cha wimbi. Gawanyeni kwa 1,414 ili mpate volti za kazi: karibu 8,5. Zidisheni 8,5 kwa 8,5, gawanyeni kwa omu 8 za bafle yetu. Mnapata wati 9. Tisa, wandugu! Ampli yetu ya sasa, ile tunayoitukana kila siku, iko na kumi. Na hata kama chombo cha kuongeza volti kingekuwamo, bado wati zote zinazoingia ni 60 kwa bafle zote mbili, na sehemu yake inapotea njiani kuwa joto.

Kwa kulinganisha, ampli ya fundi imeandikwa nyuma: volti 220, wati 280. Inakula 280 inapofanya kazi kwa nguvu yote, na kutoa mara mbili 60, ni kusema 120. Hapo hesabu inaingia akilini. Chombo cha kweli sikuzote kinakula zaidi ya kile kinachotoa.

Mtu atauliza: basi ile namba 2000 waliitoa wapi? Mara nyingi karibu yake mtaona herufi PMPO. Maana yake ni nguvu ya kitambo kidogo sana, kama kufumba jicho, na kila anayetengeneza anaihesabu namna apendavyo. Hakuna kanuni. Udanganyifu huu si wa soko letu tu, wala si wa leo. Huko Marekani, miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, wauzaji waliandika namba za ajabu mpaka tume ya serikali ya kuangalia biashara, Federal Trade Commission, ikatoa sheria mwaka 1974: anayetangaza wati za ampli ya nyumbani sherti aseme wati za kudumu, kwa omu ngapi, tangu mawimbi gani mpaka gani, na sauti inaharibika kwa kiasi gani. Mwaka 2024 wakaitengeneza upya sheria ileile. Ikiwa watu wa inchi tajiri walihitaji sheria kusudi wasidanganywe na karto, sisi wenye dola 120 tujiangalie zaidi.

Wazee wa hi-fi wako na mfano mwingine. Mwisho wa miaka ya 1970 kampuni NAD ilitoa ampli ndogo iliyoitwa 3020. Iliandikwa wati 20 tu. Haikuwa na sura. Lakini watu waliinunua kwa wingi sana, na mpaka leo wengine wanaitafuta, kwa sababu zile 20 zilikuwa za kweli na zilikuwa na akiba juu yake: muziki ukiruka kwa kitambo, ngoma ikapigwa, ampli haikukata kichwa cha wimbi. Muziki ni hivyo. Sehemu kubwa ya wimbo inakula wati chache, halafu kwa ghafula inaomba mara kumi, kisha inashuka tena. Tunanunua nguvu kwa ajili ya zile mara za ghafula.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana aliniambia: "Mwanangu, ampli kubwa itaunguza bafle." Naomba ruhusa ya kumjibu hapa kwa heshima. Bafle zetu zimeandikwa 100, ampli ni ya 60; hakuna hatari mkono ukiwa na akili. Na hata ampli ikipita kidogo namba ya bafle, yenye nafasi kubwa inayotumika kwa upole haina hatari kama yenye nafasi ndogo inayolazimishwa kulia. Alama ya hatari iko ndani ya masikio: sauti ikianza kukwaruza, punguza. Usingoje harufu.

Kuna ndugu zetu wanaotaka besi. Wanasema ampli ya taa iko na kifungo cha BASS. Mimi pia napenda rumba, na sisi Wakongomani tuko na haki ya kuisikia vizuri. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika urithi wa wanadamu. Lakini kamba ya chini kabisa ya gita ya besi inatikisika mara 41 kwa segonde. Kila unaposhuka kwa nusu ya mtikisiko, karatasi ya bafle inapashwa kutembea mara ine zaidi kusudi sauti ibaki sawa. Bafle zetu ziko na karatasi ya santimetre 20. Zitafika mahali fulani, halafu zitagonga. Wati hazitageuza kikombe kuwa pipa. Anayetaka besi ya kutikisa mabati achangie bafle nyingine, si ampli nyingine.

Vilevile kuna shauri la kuunganisha bafle mbili za gari tulizopewa, kusudi ziwe ine. Angalieni. Bafle zetu ni omu 8, zile za gari ni omu 4. Ukifunga 8 na 4 pamoja upande mmoja, ampli inaona omu 2,7 hivi. Ampli yenye kuandikwa omu 8 itapata joto, na fizibu itakatika ukiwa na bahati. Ukikosa bahati, transista zitaungua mbele ya fizibu. Hii ni kanuni ya Georg Ohm, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Cologne, Ujerumani, na aliyeitoa katika kitabu mwaka 1827. Mwalimu wa shule, kumbukeni. Tunaisoma darasani kwa ajili ya mtihani wa Serikali, halafu tunaisahau kwenye mlango wa chumba cha chakula.

Neno moja la kweli wapenzi wa karto wako nalo, sitalificha. Ampli ya fundi ni ya namna ya zamani. Hata ikiwa kimya inakula umeme na kutoa joto, na inataka volti 220. Ile ndogo ni ya namna mpya, wanaiita klasi D: haipotezi nguvu nyingi, na inaweza kula moja kwa moja kwa batri ya sola. Siku ambazo hakuna umeme na grupe haina mafuta, ya fundi itanyamaza. Ni kweli. Kama tungetaka kitu kwa ajili ya maktaba, watu kumi na watano kimya, ningesema tuchukue ya klasi D iliyoandikwa namba ya kweli. Lakini chumba cha chakula kinatumika saa za grupe, tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, na hata taa haziko bila grupe. Nani atasikiliza muziki gizani?

Sasa neno ambalo naona ni la maana kupita ampli yenyewe. Bafle zetu ziko wapi? Chini, nyuma ya kabati la sahani, zote mbili upande wa jikoni. Sauti nyembamba, ndiyo ile inayobeba maneno, inaenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Inagonga kabati, inagonga magoti ya watu wa meza ya kwanza, inaisha. Tuzipandishe juu ya mbao ukutani, kimo cha mtu aliyesimama, ziangalie watu. Tena moja isogezwe katikati ya chumba. Mahali pa wazi, ukipunguza nusu ya njia kati ya bafle na sikio unapata desibeli 6. Ndani ya chumba ni kidogo kuliko hapo, lakini zinapatikana. Desibeli 6 ni sawa na kuzidisha wati mara ine, na hapa bei yake ni mbao mbili na misumari!

Lakini tukizisogeza, waya sherti ibadilike. Ule waya mwembamba tunaotumia ni wa milimetre za mraba 0,5. Kwa metre 15, kwenda na kurudi ni 30, unazuia umeme kwa omu 1 hivi, na hapo desibeli 1 inapotea ndani ya waya bure. Tuchukue waya wa nyumba wa 2,5. Unazuia kwa omu 0,2 tu. Fundi anaomba dola 95 kwa ampli. Zinazobaki 25 zitoshe kwa waya, mbao, na twita mpya ya bafle ya kushoto. Mkinunua ya karto kwa dola 110, hamtapata hata twita.

Wengine wanataka sauti ifike mpaka uwanja wa mpira. Naliweka neno hili mwisho kwa sababu naliona dogo. Bafle za nyumbani si za uwanja, na kule ng'ambo ya njia kuna maternite, akina mama wanazaa usiku. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa kanuni mwaka 2022 kwa majumba ya muziki: sauti isipite desibeli 100 kwa kadiri ya dakika 15. Hiyo ni kwa watu waliokuja wenyewe kusikiliza. Aliyezaa jana hakuja kusikiliza.

Mimi na wafinalisti wenzangu tutaondoka nyuma ya mtihani wa Serikali. Ampli itabaki kwa ninyi wa miaka ya chini, na ni ninyi mtakaozungusha kifungo. Kwa hiyo nimeomba komite jambo moja, na Mama ekonomu amekubali: siku ya tano, saa kumi, ampli zote mbili zifungwe kwenye bafle zetu wenyewe, wimbo mmoja, zamu kwa zamu, na wa mwaka wa kwanza waketi kwenye meza za nyuma waandike maneno wanayoyashika. Fundi amesema atakuja. Mwenye karto amejibu kwamba haifunguliwi mbele ya kulipwa. Naomba jibu hilo liandikwe katika kitabu cha komite, na lisomwe kwa sauti siku ya posho mbele ya kura.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Math-Physique